Nzi wa Chiriku

Mke wangu alikuwa fundi wa kufunga nzi. Naanza hapo hapo kwa sababu kila ninayemwambia hucheka kwanza, kisha huuliza mara ya pili, na mimi kwa miaka ishirini nilikuwa nacheka pamoja nao. Si nzi wa jalalani. Ni nzi wa bandia, wa manyoya na nyuzi, anayefungwa juu ya ndoano isiyozidi punje ya mchele, ili mtu fulani wa nchi za baridi asimame mtoni na suruali ya mpira hadi kifuani, amrushe nzi huyo juu ya maji, na samaki aitwaye trauti aingie mkenge. Mtu huyo akishampata samaki wake humpiga picha, kisha humrudisha majini. Niliposikia hilo la kumrudisha, nikakata shauri kwamba kazi ya mke wangu ni upuuzi, na sikuuliza tena.

Mimi ni fundi wa malori. Nimestaafu, lakini mikono yangu bado inanuka grisi hata niioshe kwa sabuni gani. Kazi yangu ilikuwa na uzito: ukiiangusha mguuni unapelekwa hospitali. Kazi yake ukiipigia chafya unaitafuta siku nzima chini ya meza. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema mbele ya wageni, wageni wakicheka, naye akimimina chai.

Alifariki kwa presha. Siku ya kwanza kichwa, siku ya pili hospitali, siku ya tatu ndugu zake wamejaa sebuleni na mimi natafuta mahali pa kuweka viatu vyao. Walipoondoka nikabaki peke yangu, maana hatukujaliwa watoto. Upweke nilikuwa nausikia kwa watu. Sikujua kwamba una kazi nyingi namna ile. Kufua shati moja kunachosha kuliko kufua kumi, na kupika kwa ajili ya mdomo mmoja ni adhabu. Nikaanza kumjibu mtangazaji wa redio. Akisema habari za asubuhi, nasema njema. Jirani alinisikia akadhani nina mgeni, akanigongea kuuliza kama nahitaji kiti cha ziada. Nikamwambia mgeni ameshaondoka.

Wiki ya saba wakaja watu wawili kutoka kazini kwa mke wangu. Mmoja alikuwa msimamizi wao, mwanamume wa miaka arobaini hivi, mwenye daftari na kalamu tatu mfukoni. Mwingine alikuwa mwanamke mnene wa makamo aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Kazini walimwita Miwani, na hakuwa na kinyongo na jina hilo.

"Pole sana, shemeji," Miwani alisema, akaketi kabla sijamkaribisha. "Tulikuja mazishini lakini hukutuona."

"Sikumwona mtu siku ile."

Msimamizi alifungua daftari lake. "Mzee, marehemu alibuni nzi mpya. Alimfunga hapa hapa nyumbani, jioni jioni. Alituletea kumi na wawili, tukawatuma kwa mnunuzi ng'ambo, akaenda kuwajaribu mtoni kwake. Majibu yamekuja baada ya msiba. Anamtaka. Anataka kumpa ukurasa mzima kwenye katalogi yake ya mwaka ujao, na jina tulilompa amelikubali."

"Jina gani?"

"Chiriku."

"Ndivyo tulivyokuwa tukimwita mkeo," Miwani akasema.

Nikadhani wamekosea nyumba. Chiriku ni ndege asiyefunga mdomo, na binadamu huitwa chiriku kwa sababu moja tu. Mke wangu alikuwa mkimya. Kuna siku tulikuwa tunaimaliza kutoka asubuhi hadi jioni kwa maneno sita, na mawili kati ya hayo ni "chakula tayari".

"Mkimya?" Miwani alianza kucheka, kisha akakumbuka yuko msibani. "Yule? Jamani! Yule alikuwa anaongea mpaka tunamwomba anywe maji ili na sisi tupumzike masikio."

Nilitazama kiti ambacho mke wangu alikuwa akikalia, kama kwamba kingenisaidia.

Msimamizi alieleza shida yao. Hakuna aliyejua nzi yule anafungwaje. Mke wangu alisema atawafundisha Jumatatu, na Jumatatu hiyo alikuwa kitandani hospitalini. Mnunuzi alirudisha nzi wawili tu. Miwani alimfumua mmoja ili amwone ndani, lakini alipokata fundo kila kitu kilifumuka kwa pamoja, asijue kipi kilianza. Alibaki mmoja. Mwisho wa mwezi walitakiwa kutuma dazeni mbili pamoja na maelezo ya kumfunga hatua kwa hatua. Wasipotuma, ukurasa anapewa nzi mwingine.

"Na Chiriku anakuwa amekwisha," Miwani akasema. "Miaka ishirini ametufungia nzi wa watu wengine. Huyu ndiye wake peke yake. Wewe ndiye uliyekuwa naye mezani, shemeji. Tuambie alikuwa anafanyaje."

Nikakohoa. Nikaanza. "Alikuwa anachukua kile kidude, anakibana pale kwenye kidude kingine. Halafu anazungusha. Halafu kuna lile linyoya, naye analipitisha... analipitisha kwa huku."

Msimamizi hakuandika kitu. Mimi mwenyewe nilijisikia aibu mpaka masikioni. Kule gereji nilikuwa nikimsikia mwanafunzi anasema "nipe kile kidude," nampeleka nje akasimame juani mpaka akumbuke jina. Nilikuwa nawaambia: hakuna spea inayoitwa kidude. Dereva asiyejua jina la beringi husema tu gari linalia. Anayejua jina husikia linalia wapi. Leo ni mimi, mwenye mvi, nimekaa na vidude vyangu.

"Nifundisheni majina," nikasema. "Huenda nilikiona, ila sijui nilichokiona."

Karakana yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbao. Chumba kirefu, meza kumi na mbili, taa kumi na mbili, madirisha yamefungwa. Feni marufuku, kwa sababu ikiwashwa manyoya ya asubuhi nzima yanahamia ukutani. Chumba kilinuka vanishi na vidonge vya kufukuzia nondo, maana nondo wakiingia kwenye makasha ya manyoya hawabakishi kitu. Wanawake kumi na mmoja waliinua vichwa kwa pamoja. Meza ya kumi na mbili ilikuwa tupu, nikakalishwa hapo.

"Kumbe ndiye huyu," mmoja akasema. "Ndiye anayelala na soksi."

"Na anayegombana na giaboksi usingizini," mwingine akadakia.

Walinijua. Walijua mgongo wangu unauma upande gani na kwamba siwezi kula kitu kikiwa cha moto. Walijua kwamba mwaka aliofariki mama yangu niliingia bafuni, nikafungulia bomba na kulia mpaka ndoo ikafurika. Mimi nilidhani siri hiyo tunaijua watu wawili, mimi na bomba. Na katika wanawake wale wote, hakuna hata mmoja ambaye mimi nilikuwa namjua kwa jina.

Miwani alinifundisha kama nilivyokuwa nafundisha mimi, yaani bila huruma. Kile chuma kinachoshika ndoano mezani ni kibano. Ndoano ina jicho mbele, mgongo katikati, kona nyuma. Uzi unatoka kwenye jicho unakwenda hadi kona, kisha unarudi, na ukienda bila kurudi umefanya kazi ya nusu mtu. Mkia ni nywele chache tu za unyoya. Tumbo ni sufi iliyosokotwa. Na kola ni unyoya wa shingo ya jogoo unaozungushwa mpaka nywele zake zisimame pande zote. Hizo ndizo zinazomshikilia nzi asizame.

Maana nzi, kumbe, wana makabila. Kuna mkavu, anayeelea juu. Kuna mzamaji, anayekwenda chini kidogo. Kuna buu, ambaye bado hajawa nzi na anabiringika kwenye mawe chini kabisa. Ukimfunga mkavu kwa unyoya laini anazama. Ukimfunga mzamaji kwa unyoya mgumu anaelea. Na katika hali zote mbili trauti anakupita akicheka.

"Mkavu anaelea kwa sababu ya kola," nilirudia.

"Ukiona vyaelea, shemeji..."

"Vimeundwa," nikamalizia, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Msimamizi naye alinifundisha maneno ya mtoni, ambayo alikuwa ameyatoa kwenye barua za mnunuzi kwa miaka mingi, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kushika fimbo ya kuvulia. Kwamba nzi hana uzito wa kurushika. Kinachorushwa ni uzi mzito, na nzi anafuata tu nyuma. Kwamba kati ya uzi mzito na nzi kuna uzi mwembamba usioonekana, unaoitwa kiongozi. Kwamba maji yakiukamata uzi mzito nzi anaburutwa, na trauti akimwona nzi anayeburutwa anajua kuna mtu nyuma yake. Nilimuuliza kwa nini mtu mzima ajisumbue hivyo kwa samaki atakayemwachia. Akasema, "Mzee, mkeo aliniuliza hivyo hivyo wiki ya kwanza. Baadaye akasema amejua jibu, lakini hakuniambia."

Siku ya nne niliruhusiwa kumfunga mkavu mmoja mwanzo hadi mwisho. Ilinichukua saa nzima na matusi mawili. Nilipomaliza nikampaka vanishi ya kutosha kichwani, kama mtu anayepaka grisi. Miwani akamwinua kwenye taa, akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni.

"Umempofusha."

"Nimefanyaje?"

"Vanishi imeziba jicho. Mtu amesafiri, amesimama kwenye maji ya baridi, vidole vimekufa ganzi, anataka kupitisha uzi kwenye jicho, na jicho halipo. Atakulaani kwa lugha usiyoijua. Tone moja, shemeji. Tone moja kwa ncha ya sindano."

Nikiwa njiani kurudi nyumbani jioni hiyo nilimwona mke wangu. Sisemi mzimu; nasema nilimwona kwa kumbukumbu, waziwazi, akiwa ameshika sindano, akingoja tone lijikusanye kwenye ncha yake, amebana pumzi, kisha akiishusha. Alikuwa akifanya vile kila jioni mita mbili kutoka kwenye kochi langu. Nilikuwa nadhani anashusha pumzi kwa sababu amechoka.

Ikawa ndivyo hivyo. Kila neno lilileta picha yake. Nilipojua kola, nikamwona akiukunja unyoya mbele ya taa kuangalia kama nywele zake zinasimama. Nilipojua tumbo, nikamwona akisokota sufi kati ya dole gumba na cha shahada, akiongeza kidogo, akipunguza kidogo, kama anatia chumvi. Nilifurahi kama mtoto, na papo hapo nilihisi vibaya, kwa sababu kila picha ilikuwa na mimi ndani yake, na katika kila picha nimegeuka upande mwingine.

Nikakumbuka na lingine. Miaka ya mwanzo alikuwa akirudi na maneno hayo mdomoni. Leo tumefunga buu mweusi. Leo kola zimekuja laini, tumezirudisha. Na mimi nilikuwa nasema, "Nzi tena?" Nilisema kwa utani. Nilisema kila siku kwa utani, mpaka siku moja hakukuwa na haja ya kusema, kwa sababu hakuleta tena neno. Yule chiriku alikuwa akiachwa mlangoni kwangu kila jioni, na aliyeingia ndani ni mwanamke wa maneno sita.

Wiki ya tatu ikafika, na bado tulikuwa na nzi asiyekamilika. Nilikuwa nimeshatoa hatua zote nilizozikumbuka: uzi hadi kona na kurudi, mkia wa nywele tatu, tumbo la rangi ya majani makavu. Miwani alikuwa akifunga nikisema. Lakini kila tulipofika kwenye kola mambo yalikwama. Nzi aliyebaki, yule halisi, alikuwa na kola ya ajabu: nywele zote zimesimama mgongoni tu, na tumbo liko wazi, limelala juu ya maji. Unyoya ukizungushwa kwenye ndoano huzunguka pande zote, juu na chini; ndivyo ulivyoumbwa. Miwani alijaribu kukata za chini, nzi akapinduka. Akajaribu kuzisukuma juu kwa kucha, zikarudi. Tulimtazama yule nzi mmoja kwenye kibano kama wagonjwa wanaomtazama daktari.

Siku ya mwisho ya mwezi, saa nane mchana, Msimamizi aliweka kalamu chini. "Jioni natuma barua," akasema taratibu. "Itabidi nimwambie hatuna."

"Subiri," Miwani akasema. Alivuta kiti akakaa mbele yangu, magoti yanagusana. "Shemeji, funga macho. Chiriku yuko mezani. Tumbo amemaliza. Unaona nini?"

"Naona mikono yake."

"Inafanya nini?"

"Mmoja umeshika uzi. Mmoja umeshika unyoya, unauzungusha. Na mmoja uko juu, umetulia tu, una kitanzi."

Nikafumbua macho. Wote walikuwa wananitazama.

"Hiyo ni mitatu," Msimamizi akasema.

Nikautazama mkono wangu wa kulia juu ya meza, na kidole cha shahada chenye kovu la feni ya lori, na ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimewaeleza kila kitu alichokifanya yeye. Sikuwa nimehesabu kile nilichokifanya mimi, kwa sababu sikuwahi kudhani nafanya kitu. Alikuwa akiniita, "Fundi, lete kidole," naye akinifungia kitanzi cha uzi kwenye kidole, nami nasimama pale juu ya kibano nimekivuta, natazama ukuta, nanung'unika kuhusu mgongo wangu, mpaka aseme nitoe. Miezi mingi, pengine mwaka mzima, jioni baada ya jioni, huku akibuni nzi wake.

"Kitanzi kinasimama," niliwaambia kwa furaha. "Kinasimama wima kutoka mgongoni. Kola haizungushwi kwenye ndoano kabisa! Inazungushwa kwenye kitanzi, inapanda, inashuka. Halafu kidole kinatoka, kitanzi kinalazwa mbele mpaka nyuma ya jicho, na nywele zinabaki mgongoni peke yake."

Miwani aligeukia kibano. Alifunga uzi, mkia, tumbo, akatengeneza kitanzi, akanipa. Nikaweka kidole. Nikakivuta juu. Unyoya ulipanda kwenye kile kitanzi ukanigusa ngozi, mara moja, mara mbili, ukashuka. Mguso ule niliujua. Nilikuwa nimeusahau na mkono wangu haukuusahau.

"Toa," Miwani akasema.

Nikachelewa kidogo kutoa.

Alilaza kitanzi, akafunga, akatia tone la vanishi kwa ncha ya sindano. Mmoja wao alileta glasi ya maji. Tulimweka nzi juu yake akakaa, tumbo majini, mgongo umesimama, kama mdudu aliyetua sasa hivi na ana mambo yake ya kufikiria. Wanawake walipiga makofi, wakapiga meza, yule wa soksi akanikumbatia kutoka nyuma. "Ndiyo maana wakasema kidole kimoja hakivunji chawa!" akapaza sauti. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba nicheke mpaka machozi yanitoke, na nilijiambia: basi, mke wangu, kumbe tulimfunga pamoja. Nzi ni wako, na mimi nimo. Sijawahi kujivunia gari lolote nililolitengeneza kama nilivyojivunia kidole kile, kwa muda wa dakika mbili.

Msimamizi ndiye aliyekuwa hacheki. Alikuwa anaandika na kufuta. "Mzee, nisamehe," akasema. "Nzi wa watu wawili hatuwezi kumtengeneza. Kibano kimoja, mtu mmoja. Nikiwaweka wawili wawili, nusu ya meza zinalala."

"Haina haja ya wawili," Miwani akasema.

Alivuta droo ya meza yake akatoa waya mgumu, spoki ya baiskeli, uliokunjwa kichwani kuwa kulabu ndogo, na kwenye kulabu imefungwa springi nyembamba. Akauchomeka kwenye tundu la kibano, ukasimama juu ya ndoano kama mlingoti. Akafunga nzi mwingine, akakitundika kitanzi kwenye kulabu. Springi ikakivuta. Kikasimama wima, hakikutetemeka hata kidogo. Kola ikapanda, ikashuka. Alimaliza kwa dakika nne, na nzi wake alikuwa mnyoofu kuliko wangu.

"Tunautumia kwa nzi wa mwavuli, wale wenye kijiti kinachosimamishwa mgongoni," alinieleza, akiwa bado amejaa furaha ya kazi. "Kila meza ina wake. Hebu fikiria, upo hapa hapa siku zote! Chiriku mwenyewe ndiye aliyetubunia, miaka ile ya nyuma. Springi alisema ameiiba gereji kwako, kwenye kabureta mbovu. Tulicheka siku ile..."

Hapo akanyamaza. Nadhani alinyamaza kwa sababu aliniona usoni, au kwa sababu naye alifika pale nilipokuwa nimefika mimi. Alivua miwani ya machoni akaanza kuifuta kwa khanga, akaifuta muda mrefu.

"Alikuwa nao nyumbani?" akauliza taratibu.

"Mbili," nikasema. "Kwenye droo ya meza yake. Nimeziona juzi nilipokuwa natafuta sindano. Sikujua ni za nini."

Chini, kwenye duka la mbao, msumeno ulikuwa unakata, ukakata, ukaacha. Msimamizi, ambaye ni mtu mwema lakini barua yake ilikuwa inangojewa, alisogeza daftari.

"Mzee, hatua ya tano. Niandike waya au kidole?"

Nilitaka aandike kidole. Nilitaka kitu hicho tu katika dunia hii, watu wa nchi za baridi wafungue ukurasa ule wasome kwamba Chiriku hufungwa na wawili. Lakini nimekuwa fundi maisha yangu yote, na maelezo ya kazi yanapaswa kuwa ya kweli na yanayoweza kufanyika.

"Andika waya," nikamwambia.

Akaandika. Barua ilikwenda jioni ile, na wanawake walikaa hadi dazeni mbili zikatimia. Chiriku ana ukurasa wake. Nimeuona, nimeukata, uko nyumbani. Wanasema majuto ni mjukuu. Sisi hatukujaliwa mtoto, lakini mjukuu huyo nimempata, na ninakula naye kila siku.

Nakumbuka jioni moja, mwezi mmoja kabla hajaugua. Aliniita, "Fundi, lete kidole." Nilikuwa kwenye kochi nasoma gazeti la wiki iliyopita, gazeti ambalo nilikuwa nimeshalisoma. Nikamwambia angoje nimalize ukurasa. Sikumbuki ukurasa ule ulikuwa na habari gani. Nakumbuka tu kwamba niliinua macho mara moja, nikamwona amekaa na unyoya mkononi, anatazama upande wangu. Droo yenye zile nyaya ilikuwa pale pale, kando ya goti lake. Alingoja mpaka nikamaliza.